WAHAMU, KHOFU NA MALEZI YA NAFSI

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Katika darsa zetu za baada ya Magharibi huulizwa suala moja kwa sura mbali mbali. Mmoja husema amekuta kitu kimefungwa kwa kitambaa chekundu mlangoni pake, naye tangu siku ile hali wala halali. Mwengine husema bundi amelia juu ya paa na mtoto yu mgonjwa ndani. Mwengine ni kijana aliyesoma, huona haya kuuliza mbele ya watu, akatungoja nje ya msikiti atuambie kwamba kila akitakiwa kusimama mbele ya safu roho humruka na aya zote alizohifadhi humpotea. Masuala haya yaonekana kuwa matatu, lakini mzizi wake ni mmoja, nao ndio tuliokusudia kuueleza katika darsa hii.

Wanavyuoni walipoichambua nafsi ya mwanadamu walisema kwamba ina nguvu kadha wa kadha za ndani. Iko nguvu ya kuyapokea yanayoletwa na macho na masikio. Iko khayali, ambayo huziweka sura za vitu baada ya vitu vyenyewe kuondoka. Na iko nguvu nyengine waliyoiita kwa Kiarabu wahm, nasi hapa tutaiita wahamu. Kazi yake ni kulihukumu jambo kabla akili haijapata nafasi ya kulipima. Ibn Sina (980–1037), ambaye maulamaa wetu wana maneno mengi juu ya itikadi yake, lakini katika elimu ya tiba na ya nafsi hakuna asiyemjua, alipiga mfano wa kondoo. Kondoo humwona mbwa mwitu kwa macho, akaona rangi yake na umbo lake. Lakini uadui hauna rangi wala umbo. Basi ni nani aliyemjulisha kondoo kuwa huyu ni adui na amkimbie? Ni wahamu. Kwa hivyo nguvu hii si ugonjwa, bali ni neema, na lau isingalikuwako kondoo wote wangalikwisha liwa. Ugonjwa huanza pale mwanadamu, aliyepewa akili juu ya wahamu, anapoiacha wahamu ikae kiti cha mbele na akili ikasimama mlangoni.

Wengi wetu hudhani kwamba jicho haliongopi. Mtu akisema "nimeona kwa macho yangu haya mawili", huwa amefunga mjadala. Lakini Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyekufa Misri karibu na mwaka 1040, alibainisha katika Kitab al-Manazir kwamba sehemu kubwa ya kile tukiitacho kuona ni hukumu ya nafsi juu ya kile jicho lilichopokea. Na mfano wake mmoja sisi watu wa pwani twaujua sana. Mwezi mpevu ukichomoza kutoka baharini huonekana mkubwa kama sinia. Ukipanda mpaka utosini huwa umerudi mdogo kama kisahani. Yeye alisema kwamba mwezi haukukua wala haukupungua. Kipimo kinachofika jichoni ni kile kile, ila nafsi huukadiria kuwa uko mbali zaidi unapokuwa ukingoni, na kwa kuukadiria mbali huukadiria mkubwa. Wataalamu wa zama zetu wangali wakijadiliana juu ya sababu kamili, lakini kwamba ukubwa ule umo ndani ya mtazamaji wala haumo mbinguni, hilo halina mgogoro. Asiyesadiki na achukue punje ya mbaazi, anyooshe mkono wake, afumbe jicho moja, aufunike mwezi kwa punje hiyo unapochomoza. Kisha afanye vivyo hivyo usiku wa manane. Ataona punje ile ile yaufunika sawasawa.

Ikiwa nafsi hukosea juu ya mwezi, nao uko mbele ya watu wote na hapana wingu, itakuwaje juu ya kivuli cha mpapai uani saa nane za usiku?

Imamu Ghazali (1058–1111), aliyeandika Tahafut kuwajibu wanafalsafa, na mtu asiyewaonea haya, aliikubali hoja yao moja juu ya jambo hili, nayo ni ya ubao. Ubao ukilazwa chini, mtoto hukimbia juu yake na kurudi. Ukichukuliwa ubao ule ule ukawekwa juu baina ya kuta mbili, mtu mzima hutetemeka akiupita, na huenda akaanguka kweli. Upana wa ubao haukupungua hata wanda moja, na miguu ni ile ile. Kilichozidi ni sura ya kuanguka iliyochoreka moyoni, na mwili ukaitii sura hiyo. Zingatieni neno hili: wahamu haikumwogofya mtu yule kwa uongo tu ikamwacha, bali ilimletea kile kile alichokiogopa.

Na wazee wetu waliofanya kazi ya uhamali katika Bandari ya Kale ya Mombasa, zama majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi yalipokuwa yakija na kaskazi, walikuwa wakipita juu ya ubao baina ya jahazi na nchi kavu, gunia begani na maji chini yao. Hawakuzaliwa na miguu tafauti na yetu. Nafsi zao zilikuwa zimekwisha uzoea ubao, na wahamu yao haikuwa na la kuwaambia.

Ghazali ametaja pia mtu aliyeumwa na nyoka, kwamba huogopa kamba yenye rangi mbili. Sisi twasema kwa lugha yetu, aliyetafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na ametaja maiti: mtu ajua kwa yakini kwamba maiti hainyanyui mkono wala haitendi lolote, lakini mwambie alale nayo chumba kimoja peke yake uone! Hapa pana jambo ambalo wengi katika sisi tunaowaidhi watu hatulipi haki yake. Mtu huyu hakukosa ilimu. Ilimu anayo, lakini imekaa kichwani na khofu imekaa kwengine. Ukimwambia mara mia "usiogope, maiti haifanyi kitu", huwa umemwambia analolijua, nawe huondoka ukadhani umemtibu.

Sasa na turejee kwenye Kitabu cha Mola wetu, maana humo mna kisa cha khayali na khofu kilichoelezwa kwa uwazi usio na mfano. Katika Sura Taha tumeelezwa kwamba wachawi wa Firauni walipotupa kamba zao na fimbo zao, Nabii Musa (a.s.) alikhayalishwa kwa uchawi wao kwamba vitu vile vyatembea. Tamko lililotumiwa latokana na asili ile ile ya neno khayali. Kamba zilibaki kamba, na fimbo zilibaki fimbo. Kilichobadilishwa ni maono ya watazamaji. Kisha Mwenyezi Mungu akatujulisha, wala hakuficha, kwamba Musa alihisi khofu nafsini mwake. Baadhi ya wafasiri wamesema kwamba alichochelea ni watu wasije wakafitinika kabla yeye hajatupa fimbo yake. Wengine wamesema ni khofu ya kimaumbile impatayo kila mwanadamu. Vyovyote iwavyo, hakulaumiwa kwa khofu ile, wala hakuambiwa kwamba mbele yake hapana kitu. Aliambiwa asiogope kwa kuwa yeye ndiye atakayekuwa juu, na papo hapo akapewa kazi: atupe kilichomo katika mkono wake wa kuume.

Lakini watu wakisoma kisa hiki huanza uwanjani, wakasahau yaliyotangulia mlimani. Sura hiyo hiyo yatueleza kwamba Musa alipoitwa usiku ule aliamrishwa aitupe fimbo yake, ikawa nyoka mwenye mbio. Na katika Sura an-Naml na al-Qasas tumeelezwa kwamba aligeuka akakimbia bila ya kutazama nyuma. Huyu alikuwa nyoka wa kweli, si khayali. Akaitwa arudi, akaamrishwa amshike, naye nyoka angali nyoka. Ndipo aliporudishwa kuwa fimbo. Basi mtu aliyekimbia nyoka wa kweli, kisha akarudi akamshika kwa mkono wake mahali pasipo na mtazamaji, je, atashindwa kusimama mbele ya kamba za wachawi, na watu wote wakitazama? Sisi twaona katika mpangilio huu malezi: Mola alimfundisha Nabii wake faraghani kabla ya kumsimamisha hadharani. Hatusemi kwamba hii ndiyo tafsiri pekee, lakini mwenye kuuzingatia mpangilio huo hataona kwamba tumeulazimisha.

Na tazameni wale wachawi nao. Hao ndio waliokuwa wa kwanza kusujudu, na Firauni alipowatisha kuwakata mikono na miguu na kuwasulubu, hawakurudi nyuma. Kwa nini wao, na si wale waliokuwa wakitazama? Kwa sababu wao waliijua kazi yao. Walijua ni kiasi gani kamba yaweza kuonekana nyoka, na walipoona kilichopita kiasi hicho wakajua kwamba hii si khayali. Ajuaye namna macho yanavyohadaiwa ndiye aionaye haki upesi.

Twaja sasa kwa bundi. Mtume wetu (s.a.w.), katika hadithi waliyoitoa Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra, amekanusha tiyara, yaani kubashiri shari kwa ndege, akakanusha hama, akakanusha na nuhusi ya Safar. Na hama, kama walivyoeleza wengi, ni ndege ambaye Waarabu wa Jahiliya waliitakidi kwamba ni roho ya aliyeuawa ikililia kisasi, au ni bundi atuaye juu ya nyumba ikasemwa kwamba mmoja wa watu wake atakufa. Basi imani hii tunayoiita ya mababu zetu ilikanushwa Madina zaidi ya miaka elfu na mia tatu iliyopita, nasi twaibeba mpaka leo kana kwamba hatukupata khabari. Na Safar ndiyo Mfunguo Tano yetu, ambayo wako kati yetu wasiooza wala kusafiri ndani yake, khasa Jumatano yake ya mwisho. Bundi hula panya. Hufuata panya penye panya, na penye panya huwa na nyumba, na katika nyumba huwamo wagonjwa.

Lakini Mtume hakuifunga khayali milango yote. Amesema kwamba yeye hupendezwa na fali, akaeleza kuwa ni neno jema alisikialo mtu. Kwa nini akaukataa mmoja na kuupenda mwengine, na yote mawili ni mambo ya moyoni? Twaona ni kwa sababu mkosi humzuia mtu na kazi yake, ama neno jema humtuma aende. Na katika Bukhari imepokewa kwa Ibn Abbas kwamba Mtume alimzuru bedui mmoja mwenye homa, akamwambia kuwa hapana ubaya, ni utoharisho inshallah. Yule mzee akajibu kwamba la, hii ni homa yachemka juu ya mzee kongwe, yampeleka makaburini. Mtume akamwambia basi na iwe hivyo. Ajali iko mikononi mwa Mungu, wala hatusemi kwamba ulimi ndio unaoua. Lakini mzee yule aliwekewa sura mbili mbele yake, akajichagulia mwenyewe.

Na madaktari hawakuwa mbali na maana hii. Mmarekani Walter Cannon aliandika mwaka 1942 juu ya watu wanaougua na kufa baada ya kuamini kwamba wamelogwa, akaeleza jinsi khofu kubwa isiyokatika inavyouchosha mwili, moyo na mishipa ya damu. Na leo dawa mpya zikijaribiwa, wagonjwa wengine hupewa kidonge kisicho na dawa ndani yake, kwa sababu imejulikana kwamba matumaini peke yake humfanya mgonjwa ajione nafuu, na khofu ya madhara peke yake yaweza kumfanya ahisi madhara.

Kwa hivyo ewe uliyekuta kitambaa chekundu, hatukwambii kwamba sihri haiko. Qur'ani imeitaja, na katika Sura al-Baqara imetajwa pamoja na kwamba haimdhuru mtu ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Tunalokwambia ni kwamba si kila fundo ni sihri, na kutolala siku kumi kwatosha kumwuguza mtu bila ya mchawi. Soma Ayatul Kursiyy na Muawwidhatayn, kitambaa kitupe jaani, ulale. Ama ukienda kwa mwenye kupiga bao, jua kwamba yule hauzi dawa kwanza. Kwanza hukuuzia khofu, na ukisha inunua ndipo akuuzie dawa yake.

Na hapa wahamu haibaki kuwa jambo la vitabuni. Mtoto hupatwa na degedege: macho hupinduka, mwili hukakamaa. Wazee wetu waliita nyuni, wakasema ndege amepita juu yake. Na wako mpaka leo wanaosema kwamba mtoto wa degedege akipigwa sindano hufa, basi humficha na hospitali, wakamfukiza na kumfunga hirizi mpaka asubuhi. Mara nyingi ugonjwa ule ni malaria iliyopanda kichwani, na malaria huletwa na mbu wala si nyuni. Watoto waliofikishwa hospitali wamekwisha kata roho walikufa baada ya sindano au bila ya sindano, kwa sababu walichelewa. Na kule kuchelewa kukazaa ushahidi mpya kwamba sindano huua. Mnaona jinsi ubao wa Ghazali unavyofanya kazi? Khofu yaleta kifo, kisha kifo chaithibitisha khofu. Kumsomea mtoto Fatiha ni jambo jema, na lasomeka ndani ya gari iendayo hospitali.

Wala mtu asitufahamu vibaya akadhani twamtaka Mwislamu asiogope kitu. Mtume (s.a.w.) alivaa deraya mbili siku ya Uhud. Sayyidna Umar alipopata khabari ya tauni katika Sham, alirudi kutoka Sargh na watu wake, na alipoulizwa kama anakimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba aikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Hizi ni khofu za wenye akili. Mtu akitaka kuitambua khofu yake, na aiulize: wanituma nifanye nini? Khofu ya haki huwa na kazi mkononi. Yasema funga mlango, tia chandarua, punguza tanga, lipa deni. Khofu ya wahamu haina kazi yoyote ila kukukalisha.

Ama dawa, Imamu Ghazali katika Ihya, kitabu cha mazoezi ya nafsi, amesema kwamba tabia hupatikana kwa kuyatenda matendo yake kwa kujilazimisha mpaka yawe maumbile. Akamtaja mtu aliyejiona mwoga, akataka kuwa shujaa, akawa akipanda chombo baharini wakati wa baridi mawimbi yanapochafuka. Sisi hatumwamrishi mtu atoke na ngalawa katika kusi kali, maana kujitia katika maangamizi ni haramu, na nahodha akija kutuuliza fatwa hiyo tutamrudisha nyumbani. Lakini maana ya maneno yake ni sahihi: khofu haitolewi kwa hoja peke yake, hutolewa kwa kitendo kidogo kinachorudiwa.

Yule kijana aliyetungoja nje ya msikiti hatukumwambia asimame Ijumaa ijayo. Tulimlazia ubao chini. Kwanza aliwasalisha watoto watatu wa chuoni Laasiri, muda wa mwezi mmoja. Kisha ndugu zake nyumbani. Kisha Alfajiri katika msikiti mdogo ambao safu yake haifiki watu wanane, na nusu yao wamesinzia. Na kila usiku kabla ya kulala tulimtaka ajione katika fikira amesimama, anatoa takbira, anasoma, anasahau aya, anafunguliwa na aliye nyuma yake, kisha anaendelea. Mmoja katika wanafunzi wetu alipinga akasema, kwa nini ajifikirie akikosea? Heri ajione akisoma vizuri mpaka mwisho. Tukamjibu kwamba sura hiyo ni nzuri lakini si ya kweli, na siku atakapokosea mara ya kwanza itavunjika yote. Alichokuwa akikiogopa ni kosa. Basi tulimtaka alipite kosa lenyewe moyoni mara nyingi, aone kwamba upande wa pili wa kosa kuna rukuu kama kawaida. Ramadhani iliyofuata alisalisha Tarawehe siku mbili. Mikono yake ingali huwa baridi kila anapotangulia, naye hutangulia hivyo hivyo.

Limebaki la watoto, nalo tutalisema kwa ufupi ingawa ndilo mzizi. Mama ataka mtoto anyamaze, humwambia zimwi laja. Baba ataka asitoke nje, humwambia mna shetani mpapaini. Mtoto hunyamaza, na nyumba hutulia usiku mmoja. Lakini sura ile imekwisha wekwa katika khayali yake, na huko haitoki kwa kuambiwa baadaye kuwa ulikuwa mzaha. Aliyemtia sura hiyo na aitoe kwa mkono wake. Mtoto akisema pana kitu uani, usimcheke wala usimkemee. Chukua taa, mshike mkono, twendeni pamoja mpaka mpapaini. Mwache aushike mti kwa kiganja chake, ausikie ulivyo baridi. Kisha izimeni taa mkae hapo kidogo, mpaka macho yake yazoee kiza na auone mti ule ule bila ya taa. Kesho yake mrudie, na keshokutwa mwache atangulie yeye.

Wabillahi tawfiq.